Pasaka ya alfajiri makaburini ukiwa mbali na nyumbani, naombeni uzoefu wenu

Mwana wa Kiwira

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Niko Dresden, Ujerumani, nasoma, huu ni mwaka wangu wa pili. Naomba kusikia kutoka kwa yeyote aliyewahi kusali ibada ya Pasaka ya alfajiri akiwa mbali na kwao, hasa Wamoraviani wenzangu (kanisa letu la Kiprotestanti) maana wengine mnaweza msielewe kwa nini jambo hili linaninyima usingizi, ngoja nieleze.

Kwetu Rungwe Pasaka haianzii kanisani, inaanzia makaburini. Jumamosi tunakwenda na majembe na fyekeo, tunapalilia, tunafagia, wenye chokaa wanapaka. Usiku mkubwa matarumbeta yanaanza kupita, unayasikia kwa mbali kule bondeni kwenye migomba, yanapotea, yanarudi, na mvua ya Aprili ndo inanyesha kama ilivyo kawaida yetu, watu wanatoka majumbani na tochi na miamvuli na gambuti, tope la Tukuyu mnalijua. Mnafika makaburini bado giza. Mnasubiri. Kukianza kupambazuka mchungaji anasema Bwana amefufuka, na sisi wote tunajibu amefufuka kweli kweli.

Mimi tangu mdogo nilikuwa nasimama na bibi aliyenilea, pembeni ya kaburi la babu. Bibi alikuwa na jambo lake, akifika anainama anapiga kaburi kwa kiganja mara tatu kama mtu anayebisha hodi, anasema "tumekuja", ndipo anajifunga kanga yake vizuri na kusimama na wengine.

Bibi amefariki mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Sikuweza kwenda, nauli haikupatikana na nilikuwa kwenye mitihani, nimemzika kwa simu. Ndugu yangu alikuwa ameshika simu na mtandao unakatakata, nilichokiona zaidi ni mgongo wa mtu na mwamvuli mweusi. Sasa hii ndiyo Pasaka ya kwanza bibi yuko ndani ya yale makaburi na mimi sipo.

Herrnhut, pale kanisa letu lilipoanzia upya, si mbali sana na hapa nilipo. Kuna mtu amewahi kwenda Pasaka? Wanapokea mgeni tu hivi hivi? Kijerumani changu cha masomo kipo ila cha kanisani hakuna. Na swali lenyewe hasa ni hili, mtu unaweza kuulilia msiba wa kwenu kwenye makaburi ya watu usiowajua, au nitakuwa najiumiza bure?

Mama Tumaini

Pole sana mwanangu kwa kufiwa na bibi, na pole zaidi kwa kuzika kwa simu, hilo nalijua, mimi nimemzika kaka yangu hivyo hivyo.

Mimi niko Leipzig, nahudumia wazee. Herrnhut nimekwenda Pasaka ya 2024 kwa hiyo nakuambia nilichokiona kwa macho. Kwanza mambo ya njiani, usije ukakwama. Unapanda treni ya kwenda Görlitz, unashuka Löbau, hapo unatafuta basi la Herrnhut. Nenda JUMAMOSI, ulale huko, usitegemee kufika kwa basi Jumapili alfajiri maana hutafika. Kuna nyumba za wageni, weka nafasi mapema kwa sababu watu hutoka mbali. Mwaka niliokwenda mimi Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, ndiyo siku hiyo hiyo wanayosogeza saa mbele huku, nikalala nikijua nina saa moja zaidi kumbe sina, kilichoniokoa ni tarumbeta chini ya dirisha. Mwaka huu wa 2025 ni tarehe 20 Aprili, saa zimeshabadilishwa, hilo halikuhusu. Ila beba koti, glavu na kofia, Aprili ya kule juu asubuhi ni baridi kuliko Dresden.

Sasa ibada. Tulianzia kwenye ukumbi wa kanisa. Ukiingia utashangaa, ni mweupe wote, kuta nyeupe, mabenchi meupe, hakuna mapambo kama makanisa mengine ya huku. Halafu watu wanatoka na kupanda kilimani, mlima wenyewe wanauita Hutberg, na hapo ndo pa kushika moyo, maana mamia ya watu wanatembea na hakuna anayeongea. Unasikia viatu kwenye changarawe tu. Njia ina miti pande zote, wameikata imekaa kama ukuta. Getini juu pameandikwa maneno ya Wakorintho wa Kwanza 15:20, kwamba Kristo amefufuka katika wafu, limbuko lao waliolala. Ukiingia unakuta mawe yamelala chini, bapa, safu kwa safu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, hawazikwi kifamilia. Ni yale ya Zinzendorf, aliyekuwa mwenye ardhi ile, na familia yake tu, pale katikati, ndiyo makubwa. Mahali pale Wajerumani wanapaita shamba la Mungu, na ukiziona zile safu, wewe mtoto wa mkulima, utaelewa bila kufundishwa, ni kama kitu kilichopandwa kinangoja mvua.

Wale wa kwanza kufanya hivi walikuwa vijana, mabrother ambao hawajaoa, mwaka 1732, walipanda kilimani kabla ya jua wakaimba katikati ya makaburi. Mji wenyewe ulikuwa na miaka kumi tu, ulianza 1722 na wakimbizi kutoka Moravia waliopewa ardhi na Zinzendorf. Kwa hiyo ile mila ya bibi yako kule Rungwe ilianzishwa na watu ambao nao walikuwa mbali na kwao. Hebu liangalie hilo vizuri.

Na sasa swali lako la mwisho. Kwenye liturgia ya asubuhi ile kuna mahali tunamwomba Bwana atuweke katika ushirika wa milele na ndugu zetu walioingia katika furaha yake TANGU PASAKA ILIYOPITA. Unaikumbuka? Nyumbani tunaipita haraka kwa sababu tuna baridi na tunataka chai. Mimi nilipoisikia pale, Kijerumani cha kanisani nilikuwa nakishika nusu nusu lakini hiyo niliielewa, nikasema kumbe kaka yangu yumo, hajasemwa jina lakini yumo, alikufa mwezi wa nane, ni tangu Pasaka iliyopita. Magoti yalilegea. Dada mmoja mzungu simjui hanijui akanishika mkono mpaka mwisho, hakuniuliza neno.

Bibi yako amekufa mwezi wa kumi na moja. Mwaka huu ndio mwaka wake. Nenda.

Mlinzi wa Zamu

Poleni na msiba, ila naomba niulize kwa heshima kabisa, mimi ni mlokole. Malaika kaburini walisema "kwa nini mnamtafuta aliye hai katika wafu?" Sasa kwa nini asubuhi ya ufufuo nyie ndo mnakwenda kwa wafu? Sigombani, nataka kuelewa.

Mama Tumaini

Ndugu Mlinzi swali zuri, na umeuliza kiungwana. Hao walioambiwa hilo neno walikuwa wapi? Si walikuwa kaburini, alfajiri na mapema, wanawake wale na manukato yao? Wasingekwenda wasingeambiwa. Sisi hatuwaombi wafu wala hatuongei nao. Tunakwenda kusimama pale pale kifo kilipotuumiza na kusema kwa sauti kwamba Bwana amefufuka, tunalisema mbele ya kaburi la mama, la mtoto. Kanisani kwenye viti ni rahisi kulisema. Kwenye udongo uliochimbwa juzi kulisema kunataka imani.

Mlinzi wa Zamu

Nimekuelewa mama, asante.

Mtoto wa Urambo

Mimi ni wa Jimbo la Magharibi, Tabora, huko ndiko alikotoka baba askofu Teofilo Kisanji, Mtanzania wa kwanza kuwa askofu wa kanisa letu. Na sisi tunakwenda makaburini vile vile, tofauti yetu na nyie wa Rungwe ni kwamba sisi hatuna baridi hiyo.

Kitu kimoja tu nimkumbushe kijana. Wamisionari waliofika Rungwe 1891, akina Theodor Meyer, walitoka kwenye kanisa hilo hilo la Herrnhut, na wapo waliokufa huko huko kwetu na kuzikwa kwetu, kwa homa, vijana kabisa. Mama zao walibaki Ulaya na Pasaka zao wakiwa hawana kaburi la kusimama. Kwa miaka mingi wazee wetu wamesimama alfajiri pembeni ya hayo makaburi ya watoto wa watu. Kwa hiyo usiende kama mtu wa kujikaribisha. Nenda kama mtu wa nyumba hiyo.

Dereva wa Carolina

Nimeusoma huu uzi nikiwa nimepaki lori, nimeshindwa kuendelea na safari bila kuandika.

Mimi ni wa Mbeya, niko North Carolina, Marekani. Nilipohamia Winston-Salem sikujua chochote kuhusu mji ule, nilifuata kazi, nikapanga chumba. Pasaka ya kwanza nimelala, usiku wa saa nane hivi nikasikia tarumbeta. Nikajua naota. Nikasikia tena, wimbo ule ule wa kwetu, ule mwendo wa taratibu. Nimetoka kibarazani na blanketi, nakuta kundi la watu kwenye kona ya barabara, wazee, wasichana, mtoto wa miaka kama kumi ameshika tarumbeta kubwa kuliko kifua chake, wamemulika vitabu kwa vitaa vidogo, wanapiga beti mbili tatu, wanapanda basi wanakwenda kona nyingine. Nilisimama pale na machozi kama mtoto, nikavaa nikawafuata na gari.

Huko Salem wanafanya hii ibada tangu 1772. Bendi zinagawana mji usiku kucha, halafu zinakusanyika kanisani, wanapewa kahawa na mkate wao wa sukari, alfajiri wanajipanga. Watu ni maelfu. Mchungaji anatoka mlangoni bado giza anatangaza Bwana amefufuka, umati wote unajibu, mimi nikajibu kwa Kiswahili kwa sauti yangu yote na hakuna aliyegeuka kunishangaa. Kisha mnatembea kimya kwenda makaburini na bendi zimejificha kwenye pembe mbalimbali, moja inapiga mstari, nyingine ya mbali inajibu, kisha nyingine, unatembea katikati ya muziki hujui unatoka wapi. Makaburi yote mawe meupe ya marumaru, bapa, saizi moja, tajiri na maskini sawa, na kila jiwe lina maua, maana Jumamosi familia nzima zinakuja na ndoo na brashi kuyasugua. Nilimwona mzee amepiga magoti anachokonoa ukoga kwenye herufi za jina la mkewe kwa mswaki, taratibu, herufi moja moja.

Lakini lazima niseme na hili maana nitakuwa nimewadanganya kwa kunyamaza. Yale mawe sawa yaliniteka, nikasema hapa ndipo mahali watu wote ni sawa. Baadaye nikaja kujua kwamba mwaka 1816 weusi walikatazwa kuzikwa mle. Wamoraviani wa Salem walikuwa na watumwa, na wakawatengea makaburi yao pembeni na kanisa lao pembeni, St. Philips. Lile jengo lao la matofali la 1861 bado lipo, na ni mle ndani tarehe 21 Mei 1865 walisomewa tangazo kwamba wako huru. Nilikwenda kusimama pale peke yangu. Nilikasirika sana, kwa sababu walikuwa wanasema Mwanakondoo wetu ameshinda tumfuate, kaulimbiu ile ile ya kanisa tunayoiandika ukutani kwetu Mbeya, halafu wanamnunua mtu. Mwaka 2006 jimbo lile la kanisa liliomba radhi hadharani kwa habari ya utumwa, miaka mingi mno imepita lakini waliomba.

Tangu hapo Pasaka yangu ina vituo viwili. Alfajiri nasimama na umati kwenye marumaru, jua likishatoka natembea mpaka St. Philips, nasimama, nasema tena Bwana amefufuka, najijibu mwenyewe. Wale ndio wamekuwa watu wangu huku, sina undugu nao wa damu na majina yao wengi siyajui. Kwa hiyo mdogo wangu jibu langu ni ndiyo, unaweza kulia kwenye kaburi la usiyemjua. Mimi ndo ninachofanya kila mwaka.

Binti wa Nakuru

Aki poleni sana. Mimi si Moravian, niko PCEA, kanisa la Presbyterian, na kwetu hatuendi makaburini, lakini wacha niseme yangu kidogo juu hii maneno imenigusa.

Niko Muscat, Oman. Hapa wikendi ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni siku ya kazi kama kawaida, kwa hivyo Pasaka inapata watu wako shift. Makanisa yako Ruwi na Ghala, kwa ploti zilizopeanwa na Sultan Qaboos, kila dhehebu na masaa yake. Mwaka wa kwanza madam wangu hakuwa anaruhusu nitoke. Mwaka wa pili nilibadilisha kazi, tukachanga teksi wasichana wanne, mmoja Mganda, wawili Wakenya na mmoja wa Ethiopia ambaye Pasaka yao hata ilikuwa siku ingine lakini alikuja tu. Tulifika bado giza, tukaomba nje pale parking na Wafilipino na Wahindi, kila mtu lugha yake. Milima ya Muscat ni mawe matupu, jua likitoka inakuwa rangi ya udongo wa Nakuru, kabisa kabisa. Niliangalia hiyo mlima nikakumbuka mum. Saa moja kila mtu alikuwa amevaa uniform anakimbilia kazi.

Ndugu enda. Wewe uko na ruhusa ya kuenda, itumie.

Mwana wa Kiwira

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa, nilitaka nitulie kwanza.

Nilikwenda. Mama Tumaini nilifuata kila ulichoniambia, Jumamosi nikashuka Löbau, jioni niko Herrnhut. Mwenye nyumba nilikolala, bibi wa makamo, akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akasema "Rungwe?" hivyo hivyo, kabla sijasema mimi. Nilishindwa kujibu kwa muda.

Mama yangu alikuwa amenipigia picha kurasa za liturgia ya Pasaka kwenye kitabu chake, kile cha zamani chenye jalada lililofungwa kwa kitambaa, akanitumia Whatsapp, kurasa mbili zina alama ya chai. Kwa hiyo pale kilimani wao walikuwa wanasema kwa Kijerumani na mimi nasoma kwa Kiswahili kwenye simu, nimepunguza mwanga nisiwasumbue, na kwa kuwa ni liturgia moja tulikuwa tunakwenda pamoja, wakishusha sauti na mimi nimefika mahali pa kushusha. Ndege walikuwa wameshaanza kelele kwenye ile miti. Tulipofika "tangu Pasaka iliyopita" nikalitaja jina la bibi, si kwa kunong'ona, kwa sauti ya kawaida. Mzee aliyekuwa mbele yangu naye akataja jina, sijui la nani. Halafu mwanamke mwingine upande wa kushoto.

Jua lilitoka kabla kidogo ya saa kumi na mbili. Watu walipoanza kushuka mimi nikaenda upande wa wanawake, nikachagua jiwe ambalo maandishi yamefutika karibu yote, nikainama nikapiga kwa kiganja mara tatu. Lilikuwa baridi na lina umande, kiganja kikalowa. Nikasema tumekuja.

Niko bado pale simu ikaita, mama. Nyuma yake nasikia matarumbeta na watu wanaongea Kinyakyusa na mvua kwenye miamvuli. Kumbe jua lao na letu siku hiyo yalipishana dakika chache tu, kwao saa moja kasoro, na wao walikuwa ndo wamemaliza. Akanigeuzia kamera nikaliona kaburi la bibi kwa mara ya kwanza vizuri, bila mgongo wa mtu. Bado ni udongo tu. Mama anasema umetitia kwa masika, Jumamosi wameongeza toroli tatu na kupanda maua ya pembeni, wataujengea kiangazi mvua ikikatika. Nimeshaanza kuweka hela ya saruji, na ya nauli.